Nafasi ya shangazi iko wazi

Jumamosi mbili zimepita tangu nikae kwa mitingi ya wazazi ya shule ya watoto wangu, hapa Eastlands, viti vya plastiki vimepangwa pale paredi, jua la saa tano linachoma visogo, na agenda zilikuwa zile za kawaida tu, pesa ya lanchi, mabati ya choo, trip ya gredi 6, mpaka mwalimu mkuu akafika nambari nne akasema muhula ujao nesi atakuja kuongea na gredi 4, 5 na 6 kuhusu kukua na usalama wa mwili. Hakutaja ngono. Naapa hakutaja. Lakini watu walianza kugeukiana kwa viti, mama mmoja mbele yangu akasema kwa sauti ya chini "haya, imefika," na baba mmoja wa nyuma akasimama, sauti ya mhubiri, akasema mwalimu wewe tufundishie hesabu na Kiingereza, hayo mengine ni kazi yetu sisi wazazi, nyumbani.

Makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu.

Nilifika karibu na Hamza, ndani ya matatu, ndio nikajiuliza hio kazi yetu nimeifanya lini. Binti yangu ana miaka 10. Kwa hio miaka 10 nimemfundisha kuendesha baiskeli, kuhesabu chenji ya mama mboga, kuvuka Outering bila kufa, na kumjibu soja wa geti kwa heshima. Kuhusu mwili wake nimemfundisha neno moja tu, "funika", na hata hilo nalisema nikiangalia pembeni. Mamake amejaribu zaidi yangu kidogo, ameshamwambia "ukiona damu usiogope uniambie", halafu mtoto akauliza damu ya wapi, na wakati huo huo chapati ikaanza kuungua.

Sasa hio hoja ya kazi ya wazazi nyumbani ndio nataka tuichambue, manake inasemwa kila mahali, kanisani, msikitini, redioni asubuhi, na inasemwa kana kwamba ni mila yetu ya tangu zamani. Si mila yetu. Ukiangalia vizuri mila zetu nyingi zilisema kinyume, yaani mzazi ndiye mtu wa mwisho kuruhusiwa kuongea hayo mambo na mtoto wake. Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ambayo wasichana walilala na kufundishwa na mwanamke mzee aliyeitwa pim, na mama mzazi alikuwa kwake anasonga ugali. Pwani kuna kungwi na kuna somo, na mama Mswahili anajua kabisa kuna vitu havitatoka kinywani mwake kwenda kwa binti yake, anamwachia mwenye kazi. Wakikuyu walikuwa na mutiri, yule anayemsimamia kijana akitahiriwa na kumuelekeza baadaye. Kwetu Bungoma msichana alikuwa wa nyanya na shangazi, na baba alikuwa anapita tu kwa mbali akikohoa ili watu wajue anakuja.

Mimi nilitahiriwa Agosti 1996, manake Wabukusu tunatahiri Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na siku ya tatu tukakalishwa chini tukapewa mawaidha na wazee, babangu hakufungua mdomo kuhusu mambo hayo na hakuna mtu alitarajia afungue. Mzee mmoja alituambia mlango ambao mwenyewe ameufunga usiuguse. Nilikuwa na miaka 13, na kwa karibu miaka miwili niliamini kabisa wanaongea juu ya milango, nikawa kijana mwenye adabu sana ya kubisha hodi. Lakini hata hivyo kulikuwa na siku, kulikuwa na mtu, na kulikuwa na maneno, hata kama yalikuwa ya mafumbo.

Na mwisho wa mwezi huo huo wa Agosti 1996, hapa Nairobi, Kadinali Maurice Otunga, mzaliwa wa kwetu Bungoma, aliongoza watu kuchoma makondomu na vitabu vya elimu ya ngono. Viongozi wa Kiislamu nao walikuwa upande huo huo, moja ya siku chache ambazo pande zote mbili zilikubaliana bila kamati. Simcheki Kadinali, alikuwa na imani yake na aliisema mchana kweupe. Ila huwa nikifikiria hio picha najiuliza hivi, baada ya moto kuzima watu walienda nyumbani, na mtoto akauliza, nani alimjibu? Manake wakati huo tayari shangazi alikuwa ameanza kupotea. Watu walikuwa wamehamia Kayole na Umoja na Dandora, nyanya amebaki ushago, anaonwa Desemba siku nne, tatu kati ya hizo anapika.

Shangazi wa binti yangu, dadangu mkubwa, yuko Doha. Anafanya kazi kwa nyumba ya watu, mwaka wa tano sasa, anatunza watoto wa wenyewe wakati watoto wa kakake wanamjua kama uso ndani ya simu Jumapili jioni, dakika kumi, bando ikiisha picha inakwama mdomo ukiwa wazi. Huyo ndiye kwa mila alikuwa na kazi. Na sidhani niko peke yangu, ukihesabu mashangazi wa Nairobi walioko Gulf, walioko kwa zamu ya usiku hospitalini, walioko Gikomba saa kumi alfajiri, utaona hio ofisi imefungwa karibu mtaa mzima. Kwa hivyo baba akisimama kwa mitingi akisema ni kazi yetu wazazi, anadai kazi ambayo baba yake hakuifanya, hajaisomea, na hana nia ya kuianza leo jioni.

Kabla mtu aniambie narembesha kijiji, sirembeshi. Yale mafunzo ya zamani yalikuwa na uchafu wake. Sehemu zingine yaliambatana na kisu kwa wasichana, kitu ambacho sheria ya 2011 imepiga marufuku na bado kinafanywa usiku. Mengi yalikuwa ya kumuandaa msichana kwa ajili ya mume, namna ya kumpendeza na kumvumilia, na sijasikia mahali popote mtoto wa miaka saba alifundishwa namna ya kumkatalia mjomba. Yalikuja pia umri ukiwa umeenda, karibu na ndoa. Kwa hivyo sisemi turudi. Nasema tu kulikuwa na kiti, na mtu alikikalia, na kwa ukoo mzima ilijulikana ni nani.

Leo nani amekikalia? Kwa wenye uwezo kidogo, simu. Mtoto wa gredi 3 anajua kufungua simu ya mamake kuliko mamake, na TikTok haingoji umri. Kwa wengine ni hausgelo, ambaye mara nyingi ni msichana wa miaka 19 hivi ambaye naye hakufundishwa na mtu. Kwa ploti ni watoto wakubwa wa korido. Na tusijidanganye kuhusu singo rumu, familia ya watu wanne au watano hapa Pipeline inatenganishwa na pazia, wazazi upande huu watoto upande ule, halafu asubuhi tunajifanya watoto walikuwa wamelala. Shuleni nako, tangu Januari 2023 junia, yaani gredi 7 mpaka 9, iko ndani ya kompaundi ya primary, kwa hivyo geti moja linaingiza mtoto wa PP1 wa miaka minne na kijana wa gredi 9 ambaye ameota ndevu. Choo kinaeza kuwa tofauti, lakini uwanja ni mmoja na stori zinatembea. Binti yangu alirudi siku moja na neno ambalo nilipolisikia niliweka kikombe chini. Aliniuliza maana. Nikamwambia akale.

Hebu sasa tuongee juu ya maneno, manake hapa ndipo sehemu kubwa ya hii vita inafaa kupiganiwa na hakuna mtu anapigana.

Sikiliza venye tunaita. Susu. Dudu. Huko chini. Kitu yako. Nanii. Kuna nyumba moja najua wanaita "biskuti", na siku mtoto alisema shuleni kwamba anko alikula biskuti yake mwalimu alimwambia pole utanunuliwa ingine. Nimeambiwa hio stori na mtu wa karibu sana na hio familia, na sijaweza kuitoa kichwani. Mtoto aliripoti. Aliripoti mara ya kwanza, kwa mtu mzima anayefaa, kwa lugha tuliyompa. Sisi ndio tulimpa lugha ya bure.

Weka hio kando ya sheria yetu, ambayo kwa karatasi ni kali sana. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kurudi chini ni kifungo cha maisha, wa miaka 12 mpaka 15 si chini ya miaka 20, wa 16 mpaka 18 si chini ya miaka 15. Tunaipenda hio sheria, kila mwanasiasa anaitaja. Na kuna kitu kingine wengi hawajui, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 124 inaruhusu korti kumfunga mtu kwa ushahidi wa mtoto peke yake katika kesi za kingono, hata bila shahidi mwingine, mradi hakimu aridhike kwamba mtoto anasema ukweli na aandike sababu zake. Umeona hapo? Nchi nzima, bunge, polisi, hakimu, jela, vyote vimewekwa juu ya mdomo wa mtoto. Halafu sisi nyumbani tumeuziba huo mdomo kwa jina la adabu, na tukisikia nesi anataka kuuzibua tunapiga makofi kumkataza.

Na si jambo la watoto wachache wa mbali. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa 2019 uliuliza vijana wa miaka 18 mpaka 24 waliyopitia utotoni, na wasichana 15.6 kwa kila mia walisema walipitia ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wavulana ni 6.4. Ule wa kwanza wa 2010 ulikuwa mbaya zaidi, 32 na 18. Kwa hivyo imepungua, na hilo ni la kushukuru, lakini hebu rudi kwa ile paredi yetu, chukua wasichana mia moja, hesabu kumi na tano, waambie wasimame. Na hao wavulana sita, hao nani anawaongelea? Kwa mitingi nzima hakuna mtu hata mmoja aliyesema neno mvulana. Kijana wangu yuko PP2 na nimegundua tahadhari zote za nyumba yetu ni za dadake, yeye anaoga nje kwa beseni kama mheshimiwa, kila mpitaji anamtania.

Sasa twende kwa hofu, manake sipendi makala zinazochukulia wazazi kama wajinga. Hofu ya kwanza ni kwamba hii kitu imetoka nje na ina ajenda. Desemba 2013 mawaziri wa elimu na afya wa Afrika Mashariki na Kusini walikutana Cape Town wakatia saini ahadi ya kuwapa watoto na vijana elimu ya jinsia na afya ya uzazi, na Kenya ilikuwepo. Mzazi wa kawaida hakuulizwa, alisikia baadaye kwa kanisa, na ikasikika kama kitu kimefichwa. Hapo serikali ilijikosea yenyewe. Ukitaka kumpa mtu kitu cha mtoto wake usimpitie mgongoni.

Lakini angalia hao hao wa nje wanavyofanya. Uingereza, kwa maana ya England, tangu Septemba 2020 kila shule ya primary lazima ifundishe elimu ya mahusiano: familia, urafiki, heshima, usalama wa mwili, usalama kwa intaneti. Hio mzazi hawezi kumtoa mtoto. Mabadiliko ya mwili na hedhi yako ndani ya elimu ya afya, nayo pia ni lazima. Elimu ya ngono yenyewe kwa primary si lazima, shule ikiamua kuifundisha mzazi ana haki ya kumtoa mtoto wake, na shule inatakiwa iwahusishe wazazi kabla ya kupitisha sera yake. Haikuwa rahisi, 2019 kule Birmingham wazazi waliandamana nje ya geti la shule wiki baada ya wiki, wengi wao Waislamu, kwa sababu ya masomo ya aina za familia. Sisemi tuwaige, wana mambo yao ambayo mimi pia ningeyakataa nikiwa mezani. Kitu kimoja tu ndio nakipenda hapo, waligawanya kikapu. Kimoja hakiguswi, kingine kinajadiliwa. Sisi tumeweka kila kitu kwa kikapu kimoja kisha tunakipiga teke chote, jina la sehemu ya mwili linaenda na kondomu, hedhi inaenda na mambo ya Ulaya, "mtu mzima asikuambie uweke siri" inaenda na kitu gani sijui.

Hata mwongozo wa UNESCO wa elimu ya ngono ambao watu hurushiana bila kuusoma, ule wa 2009 uliosahihishwa 2018, umegawanywa kwa umri, miaka 5 mpaka 8, 9 mpaka 12, na kuendelea. Unaeza kuukosoa, na kuna mahali ningeukosoa. Ila huo ushahidi ulioukusanya unaonyesha elimu hii haiongezi watoto kuanza ngono, na mahali inafundishwa vizuri inaeza kuchelewesha. Nilitarajia hilo lingewafurahisha wahubiri kuliko mtu yeyote.

Hofu ya pili ndio inanisumbua mimi binafsi, na haijibiwi kwa utafiti. Ni hofu ya mwalimu mwenyewe. Unampa mwanaume mzima ruhusa ya kuongea na binti yako kuhusu mwili wake, darasa la watoto 70, na wewe uko kazini Industrial Area. TSC, ile tume inayoajiri walimu, ilitoa sakula, yaani waraka, nambari 3 ya 2010 ya kulinda wanafunzi dhidi ya walimu, na serikali haiandiki sakula kama hio kwa sababu mambo ni shwari. 2015 Mahakama Kuu Nairobi ilisema TSC na serikali wanawajibika kwa wasichana walionajisiwa na naibu wa mwalimu mkuu wa shule yao huko Rift Valley, ikaamriwa wasichana walipwe fidia ya mamilioni. Kwa hivyo mzazi anayesema simwamini mwalimu, ana msingi.

Lakini mfuate mpaka mwisho. Kama mwalimu ni hatari, basi mtoto asiye na maneno yuko salama naye? Huyo mwalimu mbaya ndiye anafurahi zaidi nesi akikatazwa kuja. Mtu wa aina hio hahitaji somo la mahusiano ili amfikie mtoto, anamtuma chaki, anamtuma chai stafuruumu, anambebesha vitabu mpaka kwake. Anachohitaji ni mtoto ambaye hajui kwamba anachofanyiwa kina jina na kina namba ya simu. Kwa hivyo hoja ya mwalimu mbaya mimi naona inatupeleka kudai masharti, wawe watu wazima wawili darasani, mmoja mwanamke, mlango wazi, mzazi apewe kitabu akisome kabla, nesi badala ya mwalimu ikiwezekana. Hayo ndiyo yangefaa kuulizwa pale paredi. Hakuna aliyeuliza, tulikuwa tunapiga makofi.

Na walimu wengi wazuri wanaogopa kuliko sisi. Mimi nilikuwa mtoto wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa shule, nakumbuka tulipofika kwa ule mchoro wa sayansi mwalimu wetu alisema hii mtasoma wenyewe, ikiulizwa kwa mtihani mtaijua, akafungua sura ya udongo. Udongo tuliusoma vizuri sana mwaka ule, naweza kukuambia tofauti ya mfinyanzi na tifutifu hata nikiamshwa usiku. Mwalimu wa leo ndiye yule mwanafunzi wa jana, hakuna mtu alimkalisha chini, sasa tunataka aamke Jumatatu aongee juu ya ubikira na kubaleghe mbele ya watoto wanaocheka.

Mfano wa pedi unaonyesha hili vizuri. Juni 2017 rais alitia saini mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya Msingi, serikali ikapewa jukumu la kuwapa wasichana wa shule za umma pedi bure. Sheria nzuri, hata kama pedi zenyewe huja muhula huu zikaruka muhula ule. Lakini pedi ni kitu cha kushika kwa mkono, inapigwa picha na kamera, mheshimiwa anaonekana akigawa. Maneno yanayofaa kuambatana nayo hayapigwi picha. Matokeo yake unakuta msichana wa gredi 5 anapewa pakiti bila kuambiwa kitu, anaweka kwa begi, anadhani ni ya mamake. Binti yangu mwenyewe ameona matangazo ya runinga miaka yote, lile jimaji la blue linamwagwa juu ya pedi, na mwaka jana aliniuliza kama ni ya kufuta wino. Nilicheka mpaka nikatoka nje, na nilipofika nje kicheko kikakata, manake kama angeanza wiki hio, na wako wanaoanza na miaka 9 au 10, angekuwa anangoja wino.

Kuna watu wataniambia Nairobi tuko sawa bana, shida iko kule kwingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha wasichana 15 kati ya mia wa miaka 15 mpaka 19 wamewahi kushika mimba, Samburu ni 50, West Pokot 36, na Nairobi ni 8. Kwa hivyo ni kweli namba yetu ni ndogo. Lakini 8 ya Nairobi ni watoto wangapi ukizingatia tulivyojaa hapa? Na mimba inahesabika kwa sababu inaonekana, hayo mengine ya kushikwashikwa kwa basi la shule na kutumiwa picha usiku, yatahesabiwa na nani?

Nimejaribu kitu wiki hizi mbili. Sikuanza na mazungumzo makubwa ya kukaa kwa sofa, hayo nilijua nitakimbia. Nilianza na majina. Nikimuogesha kijana nataja goti, kiwiko, kitovu, uume, kisigino, kwa sauti ile ile moja, na mara ya kwanza nilitokwa jasho kama niko mahakamani. Yeye hata hakugeuka, aliuliza kwa nini kisigino kinaitwa kisigino. Nimeacha pia kuwalazimisha kukumbatia wageni, "mkumbatie anko bana usiwe mshamba", nilikuwa nalisema hilo kila wikendi. Sasa wanasalimia kwa mkono au shikamoo inatosha, na anko mmoja amekasirika, akasema watoto wa siku hizi wana maringo. Akasirike. Na nimewakaririsha namba 116, ile ya bure ya watoto, wanaiimba na kamelodi kao kwa korido mpaka jirani amelalamika.

Kwa binti ndio nimekwama. Kuna ukuta ambao sikuujenga mimi na nimeshindwa kuuruka, na sitajifanya hapa kwamba ni rahisi kwa sababu nimesoma makala mbili. Juzi Jumapili dadangu akapiga kama kawaida, nikamwambia kuhusu mitingi, nesi, makofi, kila kitu. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza, "Na wewe ulipiga makofi?" Nikamwambia ndio. Akasema, "Wewe kijana. Mpe mtoto simu. Halafu utoke."

Nilitoka. Nikasimama kwa korido kati ya nguo za majirani, nikisikia sauti ya dadangu ikija na kupotea, kisha binti akicheka, kisha kimya kirefu, kisha swali ambalo sikulisikia vizuri na nikajilazimisha nisilisikie. Kama dakika ishirini hivi. Halafu mlango ukafunguliwa, mtoto akatoka na simu mkononi, uso mkavu kabisa.

"Baba, shangazi amekatika. Nunua bando, hatujamaliza."